UZI: Subaru WRX GC8 iliyonoki (injini kufa beringi) mara mbili, nimeifumua na kuijenga upya mwenyewe uani kwangu Njiro, Arusha

Bokseri_wa_Njiro

Wakuu habari za humu. Niliahidi kwenye ule uzi wa Subaru kwamba hii kazi ikiisha nitakuja kumwaga kila kitu, sasa imeisha na gari inatembea, kaeni mkao wa kula maana ni ndefu.

Gari ni Impreza WRX ya 1997, sedani, bodi ya GC8, injini EJ20K ya lita 2, gia za mkono spidi 5. Japani ilitoka kiwandani na farasi 280. Hii bodi nimeipenda tangu niko primary, mwaka huo huo wa 97 Colin McRae alichukua Safari Rally kule Kenya na Impreza ya bluu, mzee wangu alikuwa anafuatilia redioni na mimi na bro tukawa tunabishana nani atakuja kuinunua kwanza. Nimeinunua mimi, 2019, kwa jamaa wa Moshi.

Miezi minne baada ya kununua ikaanza kugonga. Wenye EJ (familia hii ya injini za Subaru) mnaujua ule mlio, ukiwa kwenye mizunguko 2,500 hivi ukikanyaga mafuta kidogo inasema ko-ko-ko-ko ukiachia inanyamaza. Nikaipeleka gereji moja mjini, sitaitaja, wakashusha injini wakakereza krenki (shafti kuu ya injini) wakaweka beringi za pointi 25 (za kufidia milimita 0.25 iliyokerezwa) wakafunga, nikalipa nikaondoka na gari imetulia kabisa. Kilomita 1,900 tu. Natoka Babati na mke wangu na mtoto, tunakaribia Makuyuni, mlio ule ule ukarudi na kabla sijapata sehemu ya kuegesha ikakata. Tulikaa pale barabarani kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku tunasubiri gari ya kutuvuta.

Hela ya kumpa fundi mara ya tatu sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo kilichokuwa kinaniuma ni kwamba hakuna mtu aliyeniambia KWA NINI. Kila niliyemuuliza ananijibu "Subaru ndo zilivyo". Hapana wakuu. Chuma hakifi bila sababu, na mimi sababu yangu nilikuja kuishika mkononi, ntawaeleza.

Nimeshusha mwenyewe na mdogo wangu. Injini ya bokseri (silinda zimelala kulia na kushoto) ni fupi na nyepesi kuliko mnavyodhani, ukishatoa rejeta na feni unapata nafasi ya kutosha, nilichomelea fremu ya mabomba nikaweka chenibloku, siku moja ikawa chini. Kazi ilianza kwenye kufungua bloku.

---

Mtoto_wa_Gerezani

Mkuu pole na hongera. Ila swali, si ungeshuka tu Dar, Ilala au hapa Gerezani, ukachukua injini nzima ya mtumba ukapachika, wiki moja uko barabarani? Kuna EJ20 kibao, zingine zinakuja na turbo yake na kontroli boksi (kompyuta ya injini) yake.

---

Bokseri_wa_Njiro

Nililiwaza sana hilo mkuu, na kwa mtu anayetumia gari kutafutia riziki ningemwambia afanye hivyo. Lakini angalia, GC8 zimetengenezwa kati ya 1992 na 2000, kwa hiyo injini yoyote ya EJ20K utakayoikuta pale chini ina zaidi ya miaka 25, hujui nani aliiendesha, hujui ilikaa na oili gani, na mtu akikuwashia kwenye fremu dakika tano haijakwambia kitu kuhusu beringi. Ningeinunua halafu ningeifungua vile vile. Sasa kama kufungua ni lazima, bora nifungue yangu.

---

Bokseri_wa_Njiro

Tuendelee. KUFUNGUA BLOKU.

Waliozoea Toyota hapa watashangaa kidogo. Kwenye injini ya 1G au 1JZ unatoa sampu (beseni la oili), unafungua kofia za konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki), unasukuma pistoni inatokea juu, basi. Subaru hakuna hiyo. Bloku ni vipande viwili, kulia na kushoto, krenki imebanwa katikati kama nyama kwenye mkate, bolti za konrodi ziko ndani kabisa huwezi kuzifikia mpaka bloku igawanyike, na bloku haigawanyiki mpaka pistoni ziachane na konrodi. Kwa hiyo wameacha matundu pembeni ya bloku, mbele na nyuma, yamezibwa na plagi za allen 14. Unafungua plagi, unazungusha krenki taratibu mpaka pini ya pistoni ikae sawasawa na tundu, unamulika tochi, unaona kile kiringi kidogo kinachozuia pini isitoke, unakichomoa na plaizi yenye mdomo mrefu, halafu unavuta pini kupitia lile tundu. Mara nne.

Pistoni ya kwanza ilinichukua saa tatu. Kiringi kilikuwa kimejaa masizi, kila nikikishika kinateleza, na kikidondoka ndani ndo umeisha. Mdogo wangu alishika tochi mpaka mkono ukamfa ganzi. Ya nne tuliitoa kwa dakika ishirini.

Bloku ilipofunguka nikaona. Beringi ya konrodi namba 3 imeisha mpaka imebaki rangi ya shaba, imezunguka ndani ya nyumba yake, na namba 1 ilikuwa inaifuata. Hapo bado sijajua kwa nini.

Nikatoa pampu ya oili. Kwenye EJ pampu inakaa mbele, inaendeshwa na pua ya krenki yenyewe, na nyuma yake kuna kibati kimefungwa kwa skrubu. Skrubu mbili zilikuwa zinacheza kwa vidole. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa EJ, skrubu zinalegea, presha inavuja ndani ya pampu na wewe huoni tone nje. Ile gereji haikugeuza pampu ikaangalia nyuma, waliirudisha kama ilivyo.

Halafu kikaja chenyewe. WRX ina kipoza oili kidogo, kile kidude kinachokaa kati ya filta na bloku, maji yanapita upande mmoja na oili upande mwingine. Nikamimina dizeli ndani, nikaziba kwa vidole, nikatikisa, nikamwaga juu ya kitambaa cheupe. Wakuu, ilimeta kama vumbi la dhahabu. Vipande vya beringi ya KWANZA, ile iliyokufa mwanzo kabisa, vilikuwa vimekaa humo vinasubiri. Injini ikafungwa mpya, oili ikapita pale, ikabeba zile chembe ikazipeleka moja kwa moja kwenye beringi mpya. Zile kilomita 1,900 zilikuwa za kusubiri tu.

Kwa hiyo kwa yeyote ambaye beringi imekufa. Usimkubali fundi anayekwambia "tumeosha". Kile kidude hakioshiki, njia zake za ndani ni nyembamba na zimejikunja, tupa weka kipya. Turbo nayo inakunywa oili ile ile, ifunguliwe. Na mirija yote ya oili.

---

Nai_Boxer

Boss hiyo story ya kipoza oili ni ukweli mtupu, hata mimi ilinimaliza injini ya Forester. Halafu mimi niliongezewa ingine, nilinunua beringi hapa Kirinyaga Road, Nairobi, nikaambiwa ni orijino, boksi safi, stika safi, kumbe ni feki. Kuzipima na mikromita (kifaa cha kupima unene) moja iko mnene ingine nyembamba na zimetoka pakiti moja. Siku hizi mtu akiniuzia beringi napima hapo hapo dukani kabla nitoe pesa, akikataa nahama duka.

---

Bokseri_wa_Njiro

@Nai_Boxer asante sana kaka, hilo ni muhimu kuliko mambo mengi ntakayoandika. Mikromita. Bila mikromita usianze hii kazi.

MASHINE SHOPU.

Krenki yangu niliitupa. Najua wengi watasema ungekereza tena, lakini krenki nyingi za Subaru za turbo ngozi yake ya juu imefanywa ngumu kiwandani, na hiyo ngozi ni nyembamba sana. Kitabu chao cha ufundi kina beringi za kupunguza za 0.03, 0.05 na 0.25 tu. Ukishakereza pointi 25 bila kuifanya ngumu upya, unatembelea chuma laini chini ya turbo. Hapa mjini sikupata wa kufanya ile kazi ya kuiimarisha, kwa hiyo nikaagiza krenki ya saizi stendadi kutoka Nairobi, ikaja kwa basi kupitia Namanga imefungwa kwenye godoro la mtoto. Nikaipima kila jeno (shingo inayokaa kwenye beringi) mara nne, meni zote (shingo kuu) zikasoma milimita 60.00, za konrodi 51.99. Stendadi safi.

Silinda zilikuwa zimeisha kwa umbo la yai, namba 4 mbaya zaidi. Tukatanua kwenda milimita 92.5 kutoka 92, ujazo unapanda kutoka cc 1,994 mpaka kama 2,016, hautausikia barabarani, nia ilikuwa kupata ukuta mpya tu. Nikaweka pistoni za kufuliwa (forged, za kugandamizwa badala ya kumiminwa). Hapa kuna aina mbili za aluminiamu, 2618 na 4032. 2618 ndo ngumu kufa kwenye mbio lakini inatanuka sana ikipata moto kwa hiyo lazima uiachie nafasi kubwa, asubuhi inagonga gonga mpaka ipate joto. Mimi gari ni ya barabarani, ya kwenda kazini, nimechagua 4032, haina kelele asubuhi.

Na kitu kimoja nilichosisitiza mpaka jamaa wa mashine akaninunia. Kuta za silinda za Subaru ni nyembamba. Ukizikwangua ziko wazi zinakuwa duara kamili, ukifunga hedi na kukaza bolti zinajivuta kidogo, duara linaharibika, ringi hazikai sawa, gari inakula oili na wewe unaanza kulaumu ringi. Dawa yake ni bamba la chuma kinene linalofungwa juu ya bloku kwa bolti za hedi kwa nguvu ile ile ya kukaza hedi, halafu ndo unakwangua katikati ya matundu yake. Hapa Unga Limited sikulipata, bloku ilisafiri mpaka Nairobi kwa watu wanaojenga injini za rally. Wiki tatu. Imenilipa kila shilingi, ntawaambia inakula oili kiasi gani huko mbele.

---

Dada_Spana

Kaka mimi nafanya kazi gereji Mwanza na hizi bokseri zinatuogopesha sana. Naomba ueleze kwa kituo kwenye kufunga, hasa beringi ulipima vipi, na taiming (kulinganisha krenki na kemushafti, shafti za kufungua valvu). Taiming ya kemushafti nne tumeshapindisha valvu za mteja kwa sababu ya alama.

---

Bokseri_wa_Njiro

@Dada_Spana dada yangu umeuliza penyewe. Ntaenda polepole.

Kwanza usafi. Arusha vumbi ni kila mahali na mchana upepo unavuma, kwa hiyo beringi nilifunga saa kumi na moja alfajiri, jana yake usiku tumemwaga maji sakafuni ukumbini na kufunga madirisha, meza tumetandika shuka safi. Njia za oili za krenki na bloku nimezisugua kwa brashi ndefu na mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni, kisha upepo wa kompresa, kisha kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na doa narudia. Nilirudia mara sita.

Beringi unapima na plastigeji. Ni kauzi kama tambi, unakakata kipande, unakalaza juu ya jeno la krenki, unafunga kwa nguvu kamili ya tok renchi BILA kuzungusha krenki hata kidogo, unafungua, kale kauzi kamelalia na kutanuka, unakapima upana wake kwa kadi inayokuja nayo. Kadiri kalivyopondeka na kutanuka ndivyo nafasi ilivyo ndogo. Kitabu cha Subaru kwa meni kinataka kati ya milimita 0.010 na 0.030. Zangu nne zilikaa 0.025 mpaka 0.030, moja ikasoma ndogo mno. Roho ikashtuka. Nikaitoa ile beringi, nyuma yake kwenye nyumba kulikuwa na chembe moja ya mchanga, ndogo hata jicho linaiona kwa taabu, nadhani ilibaki kwenye kitambaa. Nikaifuta, nikapima tena, 0.028. Chembe moja. Fikiria sasa mtu anayefunga injini nje chini ya mwembe saa nane mchana.

Konrodi zikakaa 0.035 mpaka 0.040, nimeziacha hivyo makusudi, ntatumia oili nzito kidogo.

Kuunganisha nusu mbili za bloku hakuna gasketi, ni gundi. Mstari mwembamba usiokatika, ukiisha kuupaka huna muda wa kwenda kunywa chai, panga bolti zote kwa mpangilio wa kukaza kabla hujafungua tyubu. Na gundi ikizidi inachungulia ndani, inakatika, inakwenda kuziba mdomo wa kufyonza oili. Kile kibomba cha kufyonza oili nimeweka kipya, vya zamani vinapasuka penye kiungo pale kilipochomelewa, pampu inavuta hewa, presha inaanguka ukiwa kwenye kona.

Hedi zinakazwa kwa hatua. Unakaza, unalegeza zote nusu mzunguko mara mbili, unaanza upya kwa nguvu ndogo, halafu unamalizia kwa nyuzi, 80 mpaka 90, kisha tena 80 mpaka 90. Mafundi wengi wanaruka ile hatua ya kulegeza wanaona kama inapoteza muda. Hapana, ndo inayofanya gasketi ikae sawa, usiiruke.

Sasa TAIMING, dada, na hapa nadhani ndo mlipopotea. Gia ya krenki ina mshale umechorwa usoni. Mshale huo UACHE. Alama yenyewe ni mkwaruzo mdogo nyuma ya gia, kwenye kale kamdomo, ndo unaolingana na alama ya juu kwenye bloku. Ukitumia mshale umekosea na krenki yako haiko inapotakiwa, ukizungusha valvu zinakutana na pistoni. Ya pili, kemushafti za upande wa kushoto zinabanwa na springi za valvu, ukizigusa zinaruka kwa nguvu, kwa hiyo zisogeze kidogo kidogo na zishike kwa kifaa, mkono haufai. Ya tatu, tensha ya mafuta (kikaza belti) inabanwa na vaisi TARATIBU, dakika kadhaa, mpaka tundu lilingane uchomeke pini. Ukiibana haraka unaiua ndani halafu belti inaruka jino baada ya mwezi. Ukimaliza zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, rudi kwenye alama, zote zikilingana ndo uvute pini.

---

Dada_Spana

Mungu akubariki. Ni mshale kweli. Tulitumia mshale.

---

Mtoto_wa_Gerezani

Mkuu hapa umetoa darasa. Sasa tuje kwenye nyama, umeongeza nini? Turbo gani, busti (presha ya turbo) kiasi gani, na ile valvu ya kupumua pshhh umeweka?

---

Bokseri_wa_Njiro

Nakuja huko mkuu, ila mniruhusu nipange kwa jinsi nilivyotumia hela. Hela ya kwanza yote imeenda kwenye oili na maji. Pampu mpya ya milimita 11 ambayo inasukuma zaidi ya ile ya zamani, na skrubu za nyuma nimezitoa zote nikaweka gundi ya nati nikakaza upya hata kama pampu ni mpya ya boksini. Kipoza oili kipya. Rejeta ya aluminiamu ya unene mara mbili. Geji ya presha ya oili na ya joto la oili kwenye dashibodi, ya kweli yenye sensa, maana ile taa nyekundu ya kiwandani ikiwaka beringi zimeshaondoka. Nimekuwa nikiwaambia vijana wa hapa, mwenye turbo kubwa bila geji ya oili anaendesha akiwa amefumba macho.

Ndo ikafuata nguvu. Turbo nimeweka TD05 ya 16G, inakaa palepale bila kuchomelea kitu. Bomba la kutolea moshi la kutoka turbo kwenda nyuma nimepanua. Pampu ya petroli Walbro ya lita 255 kwa saa na nozeli kubwa. Manifoldi ya moshi nimeacha ile ya kiwandani yenye mabomba marefu na mafupi, ndo inayotoa ule mlio wa Subaru wa kuguruma kwa kuruka ruka, na nilitaka mlio wangu.

Ile pshhh sijaweka na nawashauri msiweke kama bado mna kipima hewa cha kiwandani. Kile kipima hewa kinakaa mwanzoni kabisa, kimeshahesabu hewa yote iliyoingia na kompyuta imeshatayarisha petroli yake. Ukibadili gia ukaitupa hewa nje, petroli inabaki peke yake, gari inalowa, inatoa moshi mweusi na kukohoa, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ya kiwandani inarudisha hewa ndani, haina kelele, na ndo sahihi.

Busti. Hapa kuna jambo la Arusha. Sisi tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa hapa ina presha ya kilopaskali kama 86 wakati Dar ni 101. Turbo inafidia, ndo uzuri wake na ndo maana hizi gari haziyumbi milimani kama zisizo na turbo, lakini kufidia kuna bei. Ili injini ipate presha ya jumla ya 200, Dar turbo inazidisha hewa mara 2 hivi, Arusha mara 2.3. Inazunguka kwa kasi zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi, na intakula (kipoza hewa ya turbo) ya WRX iko juu ya injini, ukisimama foleni Clock Tower inajaa joto. Kwa hiyo jamaa wa Dar akikwambia anatembelea busti ba 1.2 usikopi namba yake ukiwa huku. Mimi nimeishia 1.1 kwenye geji na nimetosheka.

Na petroli. Hizi gari zilipangwa kwa petroli ya Japani ya octane 100. Yetu ya kituoni haifiki hapo. Ukiacha mipangilio ya Kijapani, injini inaungulia mafuta kabla ya wakati, mlio wake ni kama kokoto ndani ya kopo, na pistoni zinapasuka kingo. Nimeweka kontroli boksi ya Link, ile ya New Zealand inayochomekwa kwenye soketi ile ile ya GC8, na mtu wa kuitengeneza mipangilio alitoka Nairobi, tukashinda siku mbili barabara ya kuelekea Longido, yeye na laptop kiti cha abiria mimi naendesha. Alipunguza taiming ya moto (wakati wa plagi kuwasha) kuliko nilivyotegemea. Nilimuuliza akaniambia wewe unataka namba au unataka injini, nikanyamaza. Sijaipima kwenye mashine ya nguvu kwa hiyo farasi siwatajii.

---

Nai_Boxer

Na gearbox? Hizo za spidi 5 za GC8 si zina tabia ya kuvunja ya tatu?

---

Bokseri_wa_Njiro

Kweli kaka, ndo sababu nyingine ya kuishia pale kwenye 1.1. Ile boksi ni laini, hairuhusu kuondoka kwa kuachia klachi ghafla. Naiendesha kwa heshima. Ikifika siku ya boksi ya spidi 6 ya STI itakuwa uzi mwingine, maana unabadili na difu na propela.

KUWASHA.

Plagi za moto nje, nozeli za petroli zimechomolewa soketi, oili imejaa, nikapiga stata sekunde kumi, nikapumzika, nikapiga tena. Macho yote kwenye geji. Mara ya nne sindano ikatingishika, ikapanda ba 1 (bar, kipimo cha presha), ba 2. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, tangu Makuyuni alikuwa hajauliza habari ya hii gari hata siku moja, akauliza "ndo imepona?" Nikamwambia bado kidogo.

Nikarudisha plagi, nikawasha. Ikashika kwa mara ya kwanza, na ule mguno wake ukajaa uani. Sikuiacha silensa (ikiunguruma imesimama) muda mrefu, ringi mpya zinataka mzigo ili zikae, silensa ndefu inazing'arisha kuta na ringi hazikai tena. Ilipopata joto nikatoka nayo kuelekea Kisongo, nakanyaga nusu kutoka 2,500 mpaka 4,500 gia ya tatu, naachia ishuke yenyewe, nakanyaga tena, kilomita 50. Nikarudi nikamwaga oili ikiwa ya moto. Nikamwaga tena kwenye 500 na 1,500. Muda wote huo ni oili ya kawaida ya bei ya chini, sinthetiki imekuja baada ya hapo.

Kosa moja lililonitisha, kwenye ile safari ya kwanza joto lilipanda ghafla likafika robo tatu. Nikazima. Ilikuwa hewa imenasa kwenye njia za maji, hizi injini zimelala kwa hiyo hewa inajificha, na mimi nilijaza haraka. Jaza maji kupitia tanki la juu polepole, fungua plagi ndogo ya juu ya rejeta mpaka yatoke maji matupu bila povu, washa na hita ikiwa kwenye moto mwisho, ongeza. Nusu saa ya subira.

---

Mtoto_wa_Gerezani

Gharama mkuu, usitufiche. Na inakula oili kiasi gani, uliahidi.

---

Bokseri_wa_Njiro

Injini peke yake, bila turbo na kontroli boksi, imekaribia milioni 4 na nusu, na nusu ya hiyo ni Nairobi na nauli. Niliijenga kwa miezi kumi na moja, mshahara ukitoka nanunua kitu kimoja. Vifaa vya kupimia sivihesabu kwa sababu vimeshaazimwa na watu watatu hapa mtaani na nimefurahi.

Oili, leo niko kilomita 3,200 tangu kuwasha. Kijiti kimeshuka milimita chache, sijaongeza hata robo lita. Presha asubuhi ba 5, ikiwa ya moto silensa ba 1.2, kwenye 4,000 inakaa ba 4.5 na haitikisiki hata kwenye kona ndefu.

Filta ya 1,500 niliikata kwa msumeno wa bati, nikaikunjua ile karatasi yake juani kama gazeti, nikapitisha sumaku. Kulikuwa na unga wa kijivu mwembamba, ule wa ringi kukaa, hakuna kinachometa. Ya sasa naitoa Jumamosi nikitoka kanisani. Ntaikata, ntaitandaza juu ya kitambaa kile kile cheupe, na picha naweka hapa, iwe safi au isiwe safi.